Karatasi Moja Isiyosainiwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mkimbiaji Aliyekaa Nje Msimu Mzima

Kwanza, kuhusu majina

Kisa hiki ni cha kweli na kilitokea mwaka 2018 kwenye NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi. Nimeondoa jina la mchezaji, klabu yake, mji na wenzake wa timu. Anayeifuatilia ligi ile atamtambua kabla hajamaliza aya ya tatu, na hilo siwezi kulizuia. Sababu ya kuyaondoa majina ni nyingine. Kila nilipokizungumzia kisa hiki majina yakiwemo, nusu saa ya kwanza iliishia kwenye ubishi wa kama jamaa alikuwa na tamaa au alikuwa shujaa, na hakuna aliyefungua mkataba akausoma. Kwa hiyo humu yupo Mkimbiaji, ipo Klabu, na yupo Mrithi, yaani kijana aliyecheza nafasi ile mwenzake alipokosekana. Wachezaji wengine ninaowataja kwa kulinganisha tu wamebaki na majina yao.

Nawaandikia hasa mawakala wanaoanza kazi na viongozi wa klabu, ingawa hata shabiki aliyechoshwa na tetesi za usajili atapata chake.

Usuli

Msomaji aliyezoea soka letu inabidi asahau jambo moja: ada ya uhamisho. Kule klabu hazinunuani wachezaji kwa fedha. Timu ikitaka mchezaji wa wenzake hutoa mchezaji mwingine, au hutoa haki yake ya kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu kwenye drafti ya mwaka unaofuata au ule wa baadaye. Anayehamishwa huhama na mkataba wake kama ulivyo, na kwa kawaida haulizwi. Akiamka Chicago, jioni anaweza kuwa mali ya Las Vegas. Mabadilishano haya ndiyo yanayozaa tetesi zao kama dirisha la usajili linavyozaa zetu.

Jambo la pili ni tagi. Mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu ina haki ya kumbandika tagi mchezaji mmoja tu kila mwaka. Maana yake ni hii: "Tunakupa ofa ya mwaka mmoja kwa bei iliyopangwa na kanuni, na huna pa kwenda." Bei hiyo hutokana na mishahara mikubwa ya wachezaji wa nafasi yake. Klabu ikirudia kumbandika mwaka wa pili, lazima impe angalau asilimia 120 ya alichopata mwaka wa kwanza. Mara ya tatu ni angalau asilimia 144 ya alichopata mwaka wa pili, na mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo karibu hakuna anayefika huko.

Shika neno *ofa*. Tagi ni karatasi ya ofa. Mpaka mchezaji aisaini, hana mkataba na mtu yeyote. Hawezi kutozwa faini kwa kutofika kambini, kwa kuwa si mwajiriwa. Hawezi kulipwa, kwa sababu hiyohiyo. Na hawezi kubadilishwa na klabu nyingine, kwa sababu klabu haiwezi kumpa mwenzake mkataba ambao haupo. Karibu kila lililotokea kwenye kisa hiki limo ndani ya karatasi hiyo.

Sasa Mkimbiaji mwenyewe. Mwaka 2018 alikuwa na miaka 26. Kazi ya nafasi yake ni kupokea mpira na kupenya katikati ya watu wenye kilo 130 na zaidi wanaomngoja wamwangushe. Yeye alikuwa na kipaji cha ziada: alidaka pasi kama winga. Msimu wa 2017 alibeba mpira mara 321 na kudaka pasi 85. Hiyo ni mara 406 kuushika mpira, na kila mara karibu hakika ya kugongwa. Hakuna mchezaji aliyemzidi katika ligi nzima mwaka ule. Klabu ilimaliza na ushindi 13 na kufungwa mara 3.

Msimu huo wa 2017 alicheza chini ya tagi ya kwanza, dola milioni 12.12. Hakufika kambini hata mwaka ule. Alisaini mwanzoni mwa Septemba, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, akacheza vizuri, na kila mtu akasahau. Nadhani kosa la Klabu lilianzia hapo. Walijifunza kwamba mtu huyu hununa kiangazi kizima kisha huja kazini Septemba.

Mtiririko wa matukio

Machi 2018 Klabu ilimbandika tagi ya pili. Hesabu ni rahisi: milioni 12.12 mara 1.2 ni dola milioni 14.544. Kanuni zilizipa pande mbili hadi tarehe 16 Julai kukubaliana mkataba wa muda mrefu. Baada ya tarehe hiyo mlango unafungwa: mchezaji mwenye tagi anaweza kucheza kwa mwaka mmoja tu, wala hakuna klabu yoyote inayoweza kumpa mkataba mrefu mpaka msimu uishe.

Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, Klabu iliweka mezani takriban dola milioni 70 kwa miaka 5. Ukizitazama hivyo ni fedha za kutosha mtu na vitukuu vyake. Lakini kwenye ligi hii mkataba wa miaka 5 haumaanishi miaka 5. Klabu inaweza kukuacha mwaka wa pili na isikulipe kilichobaki, isipokuwa zile fedha zilizoandikwa kuwa ni za uhakika. Ugomvi ulikuwa hapo, kwenye fedha za uhakika. Mkimbiaji alitaka pia alipwe kwa kazi mbili, ya kubeba mpira na ya kudaka. Tarehe 16 Julai ikapita bila mkataba.

Siku nane baadaye, tarehe 24 Julai, Los Angeles Rams walimpa mkimbiaji wao Todd Gurley nyongeza ya mkataba ya miaka 4 yenye thamani ya dola milioni 57.5, sehemu kubwa yake ikiwa ya uhakika. Fikiria umekaa nyumbani umekataa ofa, halafu wiki iliyofuata soko la nafasi yako linapanda, na kanuni zinakuambia urudi mwakani.

Agosti yote hakuonekana. Klabu haikuhamaki, wala wenzake. Wote walitarajia Septemba kama mwaka jana. Jumatatu ya wiki ya mechi ya kwanza ikapita, Jumanne ikapita. Jumatano, tarehe 5 Septemba, wachezaji wa mstari wa mbele walizungumza na waandishi. Hawa ndio majitu wanaomfungulia njia, ndio wanaogongwa ili yeye apite. Mmoja wao alisema wazi kwamba mtu anayegoma analipwa mara saba ya anacholipwa yeye, na wao ndio wanaomfanyia kazi. Maneno kama hayo ndani ya timu ile hayakuwa ya kawaida hata kidogo, kwa sababu wachezaji wa ligi hii wana desturi ya kutoingilia mfuko wa mwenzao.

Mechi ya kwanza ilichezwa ugenini, mvua ikinyesha, ikaisha sare ya 21-21. Mrithi, kijana wa mwaka wa pili ambaye mshahara wake haukufika dola milioni moja kwa mwaka, alibeba mpira mara 31, akakimbia yadi 135 na kufunga mara mbili. Aliupoteza mpira pia katika dakika mbaya, lakini watu walikumbuka zile yadi.

Kuanzia hapo kila wiki Mkimbiaji alikuwa akipoteza dola 855,529. Hiyo ndiyo milioni 14.544 iliyogawanywa kwa wiki 17 za msimu.

Tarehe 23 Septemba ikatoka taarifa kwamba Klabu iko tayari kusikiliza ofa za kumbadilisha. Sasa tetesi zikawa tetesi. Kila timu iliyopata pigo la jeraha kwenye nafasi ile ilitajwa. Philadelphia walipompoteza Jay Ajayi kwa goti mwezi Oktoba, redio zilikuwa zimeshampeleka Mkimbiaji huko kabla majeruhi hajatoka hospitali. Mwanzoni mwa Oktoba ikaripotiwa kwamba atarudi wiki ya mapumziko ya Klabu, yaani wiki ya 7. Wiki ya 7 ikafika, hakurudi. Tarehe 30 Oktoba dirisha la mabadilishano likafungwa, naye yuko palepale alipokuwa Julai.

Ilibaki tarehe moja, 13 Novemba, saa 10 jioni kwa saa za Marekani Mashariki. Kanuni inasema mchezaji mwenye tagi asiyesaini kufikia hapo hachezi kabisa mwaka huo. Siku hizo alionekana kwenye mji wa Klabu akicheza basketi katika ukumbi wa mazoezi wa kulipia, pamoja na watu wa kawaida. Picha zikasambaa. Wapo walioamini amekuja kusaini. Saa 10 ikapita.

Kesho yake waandishi walipoingia chumba cha kubadilishia nguo, walikuta wachezaji wamelizunguka kabati lake. Mambo yake ya mwaka jana yalikuwa bado mle. Mmoja alikuwa akijaribu viatu vyake, mwingine amebeba jozi anacheka, na kibao cha jina kimeng'olewa. Ukitazama picha zile unaona ni utani, na kweli walikuwa wakitania. Lakini kabati lile lilikuwa limeachwa vilevile na jina lake juu tangu Agosti, siku zote hizo, mpaka asubuhi ile.

Maamuzi na sababu zake

*Mkimbiaji.* Waliomwita mpumbavu hawakusoma hesabu yake. Alikuwa ameshapata milioni 12 mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuwa na njaa. Aliamini mwili wake ndio mtaji pekee alio nao, kwamba mwaka mwingine wa kugongwa mara 400 ungemfikisha sokoni akiwa amechakaa, na kwamba Klabu ingemtumia bila huruma kwa kuwa haikuwa na mpango wa kubaki naye. Hofu ya jeraha haikuwa ya kufikirika. Kiangazi hichohicho Earl Thomas, beki wa Seattle, aligoma kambini akitaka mkataba mpya, kisha akaamua kurudi mechi ya kwanza. Tarehe 30 Septemba akavunjika mguu. Alipokuwa akitolewa uwanjani kwenye kigari, aliuelekezea kidole cha kati upande wa benchi la timu yake mwenyewe. Nina hakika Mkimbiaji aliitazama picha ile zaidi ya mara moja.

*Klabu.* Nayo ilikuwa na hoja. Wakimbiaji huzeeka mapema kuliko nafasi nyingine yoyote, na kumlipa mtu wa miaka 26 kwa kazi aliyoifanya akiwa na 23 ni kununua embe kwa kuangalia maua ya mwaka jana. Tagi iliipa njia ya kupata mwaka mmoja zaidi bila kujifunga. Na kama asingekuja, zile milioni 14.5 zisingepotea: ligi ina kikomo cha mishahara, na nafasi isiyotumika hubebwa hadi mwaka unaofuata. Uamuzi wao wa busara zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa kutompigia kelele. Hawakumtukana hadharani. Waliwaachia wachezaji wenzake kazi hiyo, kwa kujua au kwa kutojua.

*Wakala.* Nitamgusa kwa ufupi, kwa sababu mengi aliyoyafanya yalifanyika nyuma ya pazia. Alichokifanya mbele ya watu ni kuzungumza na vyombo vya habari wiki ya mechi ya kwanza akieleza kwamba lengo ni kulinda thamani ya mteja wake ya muda mrefu. Maneno sahihi, mahali pabaya. Waliosikia hawakuwa klabu nyingine zinazotafuta mchezaji, bali yale majitu ya mstari wa mbele, na walisikia kwamba mwili wa mwenzao una thamani ya kulindwa na wa kwao hauna.

Matokeo

Kufikia tarehe 18 Novemba Klabu ilikuwa na ushindi 7, kufungwa mara 2 na sare 1. Halafu ikaporomoka, ikashinda mechi 2 tu kati ya 6 za mwisho na kukosa hatua ya mtoano kwa rekodi ya 9-6-1. Mrithi alikimbia yadi 973 na kufunga mara 12 kwa kukimbia katika mechi 13. Mechi tatu za Desemba alizikosa kwa jeraha la kifundo cha mguu. Alichaguliwa kwenye timu ya nyota wa ligi.

Mwaka 2019 Klabu haikumbandika tagi ya tatu. Mkimbiaji akawa huru, na mwezi Machi akasaini na New York Jets kwa miaka 4 na dola milioni 52.5. Gawanya: ni kama milioni 13.1 kwa mwaka, chini ya ile 14.544 aliyoikataa. Msimu wake wa kwanza kule alikimbia yadi 789 kwa wastani wa 3.2 kila anapobeba. Oktoba 2020 Jets walimwacha. Alikuwa amewachezea mechi 17 na kupokea takriban dola milioni 28.

Uchambuzi

*Tetesi zilikuwa hewa tangu siku ya kwanza.* Hapa ndipo nataka mwanafunzi akae. Kwa wiki tano, kuanzia 23 Septemba hadi 30 Oktoba, watu wenye akili zao walijadili ataenda wapi. Ilitosha kuuliza maswali mawili. Je, anaweza kubadilishwa leo? Hapana, hajasaini. Je, akisaini na kubadilishwa, klabu mpya itapata nini? Itapata nusu msimu wa mtu ambaye hajafanya mazoezi na timu tangu Januari, kwa dola 855,529 kila wiki, na haitaruhusiwa kuzungumza naye mkataba mrefu mpaka msimu uishe, siku ambayo atakuwa huru kwenda kwa yeyote. Nani atoe haki yake ya drafti kwa ajili ya hilo?

Linganisha na Khalil Mack. Mwezi Agosti uleule, mwaka uleule, Mack naye aligoma kambini kwa Raiders. Tetesi zake zilikuwa chache kuliko za Mkimbiaji, lakini tarehe 1 Septemba aliondoka kweli. Chicago Bears walitoa haki mbili za duru ya kwanza ya drafti na nyinginezo, na papo hapo wakampa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 141. Tofauti haikuwa kipaji wala wakala. Mack alikuwa na mkataba hai, kwa hiyo Raiders walikuwa na kitu cha kutoa, na Bears waliruhusiwa kumfunga siku ileile. Micah Parsons aliondoka Dallas kwenda Green Bay tarehe 28 Agosti 2025 kwa njia hiyohiyo. Mkataba wake ulikuwa umebakiza mwaka mmoja, na aliyempokea aliweza kumsainisha mpya papo hapo.

Basi mtu akikuletea tetesi za mgomo, usianze na "anakwenda wapi". Anza na karatasi.

*Kwa nini basi zilivuma?* Kwa sababu zilimfaa kila mtu. Klabu iliyosemwa kwamba inasikiliza ofa ilionekana inafanya juhudi, na pia ilimpelekea Mkimbiaji ujumbe: saini, uondoke. Kama angesaini kwa kuamini hivyo, Klabu ingekuwa na uhuru wa kumbakiza. Upande wa mchezaji, tetesi zilimfanya aonekane bado ana soko. Waandishi walipata cha kuandika kila siku. Mimi siwezi kusema nani alilisha nani habari gani, lakini naona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuzizima.

*Silaha ilikuwa na makali upande mmoja.* Karatasi isiyosainiwa ni kinga nzuri sana. Mwaka uliofuata Jadeveon Clowney wa Houston aliitumia ipasavyo. Naye alibandikwa tagi, naye hakusaini. Klabu yake ilipotaka kumbadilisha, ilibidi kwanza imwombe asaini, na hakuweka sahihi mpaka ilipopatikana timu aliyoitaka, Seattle, mwishoni mwa Agosti. Alitumia karatasi kuchagua aendako. Mkimbiaji aliitumia kutokwenda kokote. Kinga ilimlinda na majeraha, lakini haikuwa na uwezo wa kuilazimisha Klabu ilipe, kwa kuwa baada ya 16 Julai Klabu isingeweza kumpa mkataba mrefu hata kama ingetaka. Mgomo wa Septemba, Oktoba na Novemba haukuwa na dai ambalo upande wa pili ungeweza kulitimiza. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na sijaona wengi wakilisema. Mgomo wenye nguvu ulipaswa kuwa wa kabla ya 16 Julai.

Emmitt Smith wa Dallas mwaka 1993 alifanya hivyo, ingawa kanuni zilikuwa nyingine. Hakuwa na mkataba, akakaa nje mechi mbili za kwanza, mabingwa watetezi wakafungwa zote mbili, mwenye timu akafungua pochi. Wangefungwa mechi hizo na asiwe na ruhusa ya kusaini chochote, Smith angekaa nje mpaka Krismasi.

*Kukosekana kwako kunauma kiasi gani?* Swali hili lilijibiwa wiki ya kwanza, na jibu lilikuwa yadi 135. Ukigoma, unampa mwenzako nafasi ya kuonyesha kwamba kazi yako inafanyika kwa sehemu ndogo ya bei yako. Lakini hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu watu hulitia hili chumvi. Klabu iliporomoka mwishoni, Mrithi akaumia Desemba, na mtu wa kudaka pasi zile 85 hakupatikana. Hoja ya Mkimbiaji kwamba anafanya kazi mbili ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba ushahidi wake ulipatikana Desemba, mwezi mmoja baada ya mlango kufungwa.

*Chumba cha kubadilishia nguo.* Klabu haikuwahi kumshinda Mkimbiaji kwa hoja. Ilimshinda kwa kuwa wenzake walihama upande. Wachezaji wa mstari wa mbele walikuwa tayari kumtetea mpaka Jumatatu ile ya Septemba. Walichokasirikia zaidi ni kwamba hakuwaambia kwamba haji. Simu tano tu Agosti: "Kaka, mwaka huu huenda nisije, naomba mnielewe." Wakala yeyote anayempeleka mteja kwenye mgomo bila kuandika orodha ya watu wa kupigiwa simu anamwandalia kabati la kunyang'anywa viatu.

Wasomaji wa Tanzania watakumbuka sakata la Feisal Salum na Yanga, kuanzia Desemba 2022 mpaka alipohamia Azam Juni 2023. Nimeulizwa mara nyingi kama ni kisa kilekile. Sivyo, japo nje vinafanana: mchezaji kipenzi, miezi ya kukaa bila kucheza, tetesi kila asubuhi. Feisal aliona mkataba wake umevunjika, na kamati ya TFF ikaamua bado upo. Kila kitu kilitegemea jibu la swali hilo, na suluhu ilikuwa klabu kumuuza, jambo ambalo Yanga ilikuwa na uwezo wa kulifanya siku yoyote. Mkimbiaji hakuwa na mkataba kabisa, na hakuna aliyebisha. Usichukue dawa ya mmoja ukampa mwingine.

*Kilichobadilika baadaye.* Makubaliano mapya ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2020 yalipandisha faini kwa mwenye mkataba asiyeripoti: dola 50,000 kwa siku kwa waliokwisha kupita mkataba wao wa kwanza, na klabu hairuhusiwi kuzisamehe. Tangu hapo wengi wanaripoti kambini, wanakaa kwenye mikutano, wanavaa kofia ya timu, lakini hawafanyi mazoezi, mgongo unauma, nyama za paja zimekaza. Parsons alilala kwenye kitanda cha matibabu pembeni ya uwanja watu wakimpiga picha. Mgomo wa kukaa nyumbani umekuwa ghali. Mgomo wa kukaa kambini ni bure, na wenzako wanakuona kila siku.

*Je, alipata hasara?* Hapa sikubaliani na wengi. Wanaosema alipoteza milioni 14.5 na hakuzipata tena wanahesabu vizuri. Wanaosema aliikataa milioni 70 wanahesabu vibaya, kwa sababu ofa ile isingelipwa yote. Kwa jinsi alivyocheza 2019 angeachwa mapema vilevile. Cha kulinganisha ni fedha za uhakika za ofa ya Julai na zile milioni 28 alizopata New York. Ukiweka hivyo pengo linapungua sana.

Lakini hoja yake kuu, kwamba mwaka wa kupumzika ungemfikisha sokoni akiwa mpya na mwenye bei, haikusimama. Earl Thomas alirudi kucheza, akavunjika mguu, akaingia sokoni Machi 2019 akiwa bado anapona. Baltimore Ravens walimpa miaka 4 na dola milioni 55. Mkimbiaji aliingia sokoni wiki hiyohiyo, mzima kabisa, akapewa miaka 4 na milioni 52.5.

Nafasi zao ni tofauti na soko la mabeki si la wakimbiaji, najua. Hata hivyo, Thomas alikuwa amelipwa mshahara wake wote wa 2018.